Baba Hajawahi Kuuona Mwanzo

Kama gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungia sabuni, na hujawahi kunisoma, hujakosa mengi. Mume wangu aliondoka akabeba friji. Karakana nilimokuwa navalisha makochi ikafungwa. Kisha Mama akafariki. Kwa mpangilio huohuo, kama watu wenye adabu wanaopanga foleni.

Na wewe uliyeandamana nami tangu siku ya friji, unakumbuka nilipokuachia: Dada Mkubwa kasimama mlangoni kwangu, funguo za gari zinamcheza kidoleni, ananiambia Baba hawezi kuendelea kukaa kwangu.

"Tangu tumzike Mama hajasema neno," alisema. "Hata maji haombi. Anaonyesha kikombe."

"Anapumzika."

"Anapumzika kuzungumza?"

  Siku zile, ukiniuliza saa ngapi, naangalia ukuta usio na saa.

"Sikiliza, mdogo wangu," Dada akasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio huwa unanitisha. "Naja tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikimkuta amesema neno, hata moja, abaki kwako. Nikimkuta hivi, napakia vitu vyake naondoka naye. Kwangu kuna nafasi, kuna watoto, kuna kelele. Huku kwako kumekuwa kama chumba cha kungojea daktari."

"Sawa."

"Na zile nguo za Mama nimezifunga kwenye mfuko, uko hapo koridoni. Usiziguse mpaka nije tuzigawe pamoja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia, au unatikisa kichwa tu?"

"Nimesikia, Dada."

Akaondoka. Nikabaki na Baba, na ule mwezi.

Nikuambie jambo moja halafu tuendelee. Asubuhi nilikuwa naamka kwa sababu lazima mtu amchemshie Baba chai. Sababu nyingine sikuwa nayo. Akiondoka, sikuona kitu ambacho kingenitoa mguu kitandani. Sikuogopa wala sikuhuzunika. Nililijua tu, kama unavyojua kwamba gesi imebaki kidogo.

Ndipo nikaamua kujenga sinema.

Usicheke. Dada angelijua, angecheka kwa niaba yetu sote.

Baba alikuwa mkata tiketi kwenye jumba la sinema, mpaka jumba lile lilipogeuzwa ghala. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, kuchana tiketi, na kuwaonyesha watu viti kwa tochi. Tochi yenyewe anayo mpaka leo, anaibeba kwenye mfuko wa shati kama wenzake wanavyobeba kalamu. Na kwa kuwa hakuna siku watu hawakuchelewa, Baba aliingia ukumbini wakati filamu imeshakolea. Amefanya kazi sinema umri wake wote wa kazi, na hajawahi kuuona mwanzo wa filamu hata moja.

Miisho anaijua yote. Mianzo aliletewa na Mama.

Wakati wa kula, Mama alikuwa anaegemeza kijiko, anajiweka sawa: "Basi mume wangu, leo ilianza hivi." Na sisi watoto tunaacha kutafuna. Baba anasikiliza kama anayepokea mshahara.

Umeme ulipokatika ndipo Baba alipokuwa mfalme. Yeye ndiye aliyefungua milango. "Taa zikizima," alikuwa akituambia, "ukumbi mzima unageuka watoto wadogo. Lazima apatikane mtu mzima mmoja." Na huyo mtu mzima alikuwa yeye, na tochi yake.

Kwa hiyo niliwaza hivi: nikimpa Baba mwanzo mmoja, kamili, wa filamu aliyoichania tiketi, kuna neno litamtoka. Hata likiwa "kumbe". "Kumbe" ni neno. Dada hakusema ni neno gani.

Chumba nilichagua cha nyuma, alimolala Mama alipougua. Hakuna aliyekuwa anakiingia.

Projekta niliipata kwa mtu aliyekuwa anafunga ukumbi wake wa mikutano. Nilimpa kochi langu la sebuleni, lile la watu watatu nililolivalisha mwenyewe, akanipa projekta na spika zake. Alipolibeba, sebule ikabaki na zulia na alama za miguu ya kochi kwenye zulia. Nikaona nyumba inaanza kupendeza.

Kazi za mbao nilimpa seremala wa mtaani tunayemwita Pimatena. Jina hilo hakulipata kwa uzembe. Pimatena anapima, anaweka kalamu sikioni, anapima tena, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anakata pasipo penyewe.

"Bosi," aliniambia siku ya kwanza, akizungusha macho chumbani, "hapa dirisha linatuharibia biashara."

"Lizibe."

"Na hewa?"

"Weka bomba na feni ndogo. Ivute hewa kutoka koridoni."

"Na wewe kwa nini unazungumza hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama tangazo la stesheni."

 Tukaziba dirisha: ubao, sponji, ubao tena. Ukuta wa mbele nikausugua kwa msasa mpaka mkono ukateleza, nikaupaka rangi nyeupe isiyong'aa, uwe ndio pazia la picha. Kuta nyingine na dari nikazipaka rangi ya masizi. Pimatena akatengeneza rafu ya projekta juu ya mlango, ndani, ili picha ivuke vichwa vya watu ifike ukuta wa mbele. Nilitengeneza viti viwili vya kuegemea, nikavijaza sponji, nikavivalisha. Kimoja cha Baba, kimoja changu.

Siku ya gundi ya moto nilijichoma kidole. Nilijua kwa harufu. Niliangalia kidole, nikaona malengelenge yameshatokea, nikaendelea kubandika. Hakikuniuma siku ile wala siku zilizofuata. Nilikuwa nakikagua asubuhi, kama barua unayoingojea, hakina habari.

Kilichobaki ni mwangwi. Ukipiga kofi katika chumba kitupu, kofi linakurudia, na maneno ya filamu yatakurudia vivyo hivyo, yamekanyagana. Dawa yake ni fremu za mbao ukutani, unazishindilia vitambaa kuukuu, unazifunika kwa kitambaa na kupiga pini. Hiyo ni kazi ya kochi bila kochi. Naweza kuifanya nimelala.

Na kwa kweli niliifanya nimelala. Pimatena aligonga fremu, mimi nikaketi koridoni na stepla yangu kubwa, mfuko wa vitambaa vya karakana pembeni. Natia mkono mfukoni, nachomoa, nashindilia, nafunika, napiga pini. Macho yalikuwa ukutani. Mikono ilifanya kazi, mwenyewe sikuwepo.

Tulipozitundika, niliingia peke yangu nikapiga kofi.

Halikurudi. Lilikufa palepale kiganjani.

Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa kama mimi.

Mlango ndio ulikuwa wa mwisho. Nilitaka mlango mzito, sponji katikati, mpira wa tairi la baiskeli ukizunguka fremu yote, sauti isipate hata ufa wa kupenya. Pimatena alipima, akapima tena, akaufunga. Nilipoutazama, komeo lilikuwa ndani.

"Pimatena."

"Naam, bosi."

"Komeo liko ndani."

Akaangalia muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Si bora? Mtu akiangalia filamu asisumbuliwe."

"Uligeuza mlango."

"Mlango haujageuka, bosi. Umefungwa kwa upande wake mwingine. Kesho nitarekebisha."

Usiku huo hakuja mtu kurekebisha, wala siku iliyofuata. Pimatena alipopita tena, tukafungulia redio ndani kwa sauti yote, komeo tukalizuia kwa kamba lisijishike lenyewe, tukafunga mlango, tukasimama koridoni tukitazamana. Hata mnong'ono. Unaweza kuua ng'ombe mle ndani, jirani akaendelea kula.

Jumamosi ikafika, na Dada naye. Alisimama katikati ya sebule akitafuta mahali pa kuketi.

"Kochi liko wapi?"

"Limekuwa projekta."

"Na friji?"

"Hiyo si ilijiondokea."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mdogo wangu. Umekula leo?"

"Nadhani."

Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, amevaa shati lake la mikono mirefu, tochi mfukoni. Dada akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Baba."

Baba akamshika kichwa. Mdomo haukufunguka.

"Baba, nimekuja. Sema hata 'marahaba'."

Baba akaonyesha kikombe.

Dada akainuka, akanitazama bila hasira. Ningependelea hasira. "Nimeleta sanduku," akasema. "Liko kwenye gari."

"Filamu kwanza," nikasema.

"Filamu?"

"Ni saa moja na nusu tu. Umesubiri mwezi."

Tukaingia. Pimatena naye alikuja, eti kukagua kazi yake. Baba nilimketisha kwenye kiti chake, Dada akakaa kile changu, mimi na seremala tukasimama nyuma chini ya rafu. Nilizima taa. Giza likawa giza kwelikweli, giza la zamani la sinema, ambalo huoni hata mkono uliobeba karanga.

"Jamani," Dada akasema gizani, na sauti yake ikamezwa. "Mbona kama nimewekewa pamba masikioni?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama," Pimatena akasema kwa fahari.

Nikawasha.

Filamu ilikuwa ile ya mtu anayemfuata mwanamke miji mitatu kumrudishia mwavuli. Baba aliichania tiketi msimu mzima. Sisi watoto tulijua mwanzo wake kama tunavyojua majina yetu, kwa sababu Mama aliusimulia zaidi ya mianzo yote: mtu anashuka kwenye treni na kiatu kimoja. Kingine ameibiwa usingizini. Anarukaruka kwa mguu mmoja, na mwanamke aliyesimama na mwavuli anacheka mpaka anakaa chini. Ndivyo wanavyojuana.

Ukutani ikatokea mvua. Duka la kinyozi. Mtu anakaa kwenye kiti, kinyozi anampaka povu. Mlango unafunguka, mwanamke anaingia, anaweka mwavuli, anauliza njia, anaondoka. Mwavuli unabaki.

Hakuna treni. Mtu yule ana viatu vyote viwili, vimepigwa dawa vinang'aa.

Baba akaegemea mbele.

"Sio huu," akasema.

Niliona kichwa cha Dada kikigeuka. Nilimsikia Pimatena akivuta pumzi. Mimi nilikuwa nahesabu neno: sio. Moja. Huu. La pili, la ziada.

"Baba?" Dada akanong'ona. "Umesemaje, Baba?"

"Huu sio mwanzo wake." Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa yake. "Kiatu kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nimesimama vilevile, mikono imening'inia. Mama hakuwahi kuwa na tiketi. Ni nani angemlipia, wakati mumewe ndiye aliyesimama mlangoni? Baba alikuwa anamwingiza kwa nyuma, taa zikishazimwa na bosi akishaingia ofisini. Mama alichelewa kila filamu. Mama naye hakuuona mwanzo hata mmoja.

Alikuwa anatunga. Miaka yote ile, kijiko kimeegemezwa kwenye sahani, alikuwa anatunga.

Kitu kidogo kilisogea kifuani mwangu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kisha kikalala tena.

Baba alikuwa amesimama. Mwanga wa projekta ukampiga mgongoni, kivuli chake kikajaa ukutani juu ya kinyozi. Akatoka kwenye mwanga, akaanza kutembea kando ya ukuta, kiganja juu ya zile fremu, moja baada ya nyingine, kama anavyohesabu safu za viti. Kwenye fremu ya kona akasimama. Akaweka uso kwenye kitambaa.

Akavuta pumzi ndefu.

"Mbona mmemweka huku?" akauliza.

"Nani, Baba?" Dada alikuwa ameshafika pembeni yake.

"Mama yenu. Yuko huku ndani."

"Washa taa," Dada akaniambia. "Washa taa sasa hivi."

Nikawasha. Dada naye akaweka pua kwenye fremu. Nilimwona uso unabadilika. Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Kisu."

Pimatena akampa kisu chake cha kukatia sponji, huku ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeombwa. Dada akapasua kitambaa. Ukatoka mkono wa sweta la kijani, ukaning'inia. Sweta lenye kifungo kimoja cha bluu, kwa sababu cha kijani kilipotea na Mama akasema bluu ni kijani kilichochoka.

 Kwenye ukuta, kinyozi alikuwa anafuta povu.

Nikatoka koridoni. Nikafungua mfuko uliobaki pale. Ulikuwa umejaa vipande vya vitambaa vya makochi, vya karakana, vimekunjwa, havijaguswa.

Nikarudi. "Nimechanganya mifuko," nikasema.

"Umechanganya." Dada alikuwa amelishika lile sweta kwa mikono miwili, machozi yanamshuka bila yeye kuyashughulikia. "Umempigia Mama pini ukutani, unaniambia umechanganya mifuko."

"Sikuangalia."

"Hukuangalia! Una mikono ya fundi, miaka na miaka, ukishika kitambaa kwenye giza unajua ni pamba au ni sufu. Mkono haukukuambia?"

"Haukuniambia."

"Wewe hulii?" akaniuliza. Aliuliza kweli, anataka kujua. "Nimekaa nikikutazama tangu makaburini. Hulii?"

"Amesema neno, Dada."

"Nini?"

"Baba. Ulisema neno moja, atabaki. Amesema."

"Amesema Mama yuko ndani ya ukuta! Hilo ni neno?"

"Ni maneno mengi."

"Njoo nje," akasema, akamwachia Baba lile sweta mkononi. "Njoo nje nisikupigie kelele mbele yake."

Tukatoka koridoni wote watatu, Pimatena akitembea kwa ncha za vidole kama mtu anayetoka kwenye ibada katikati. Dada akaanza palepale chini ya mita ya umeme. Kwamba chumba hakina dirisha. Kwamba nimemtenganisha mzee na mwanga. Kwamba mimi mwenyewe nahitaji kuangaliwa, sembuse kumwangalia mtu. Kwamba hataniacha peke yangu, nitakwenda naye wiki moja, mbili, lakini Baba anaondoka leo, sasa, na sanduku liko kwenye gari.

Alikuwa na haki kwa mengi. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mji usioishi.

Nyuma yetu mlango ukajifunga. Polepole, kwa uzito wake, ule mpira ukabusu fremu. Kisha tak, komeo likajishika lenyewe kwa ndani.

Pimatena akafumba macho. "Bosi. Lile komeo."

"Si ulisema kesho utarekebisha?"

"Kesho yenyewe ndiyo hii sikuwa nimeifikia."

Dada aliurukia mlango. Akapiga kwa kiganja, akapiga kwa ngumi, akaita "Baba! Baba!" mpaka mishipa ikamsimama. Mlango ulinyonya ngumi zake kama mto.

"Hasikii," nikasema.

"Kwa nini hasikii?"

"Niliziba."

Akaweka sikio. "Na mimi simsikii!"

"Niliziba pande zote mbili."

"Hewa inapita wapi mle?"

Nikaonyesha bomba juu. "Kuna feni."

"Vunja," Dada akamwambia Pimatena. "Vunja mlango."

Pimatena akapapasa fremu, akapima kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupima tena. "Mama, rafu ya projekta iko juu yake hapohapo, kwa ndani. Nikipiga nyundo, rafu inashuka. Mzee akiwa amesimama nyuma ya mlango, inamshukia yeye."

"Nyinyi wawili ni watu wa namna gani?" Dada akauliza. Akatoa simu. "Naita watu. Naita zimamoto, naita polisi, naita yeyote mwenye akili timamu."

Na hapo nikaona mwisho wa habari, mimi ambaye sijawahi kukosa kuujua. Watakuja watu na mashoka. Watamtoa Baba kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya majirani, ananuka vumbi. Hakuna atakayeuliza ni neno gani alisema. Atawekwa kwenye gari na sanduku lake, na kesho asubuhi sitachemsha chai.

Niliinua macho kwenye mita. Kile kitaa chake chekundu kilikuwa kinapepesa haraka haraka. Projekta inakula umeme, feni inakula umeme. Baba yuko ndani ameketi au amesimama, filamu inaendelea.

Chini ya mita kuna swichi kubwa ya nyumba nzima.

Nikaishika.

"Unafanya nini?" Dada akasema, simu sikioni.

"Nazima umeme."

"Utazima feni! Umesema hewa inaletwa na feni!"

"Ndiyo."

"Utamuua!"

"Atafungua," nikasema. "Taa zikizima ukumbini, nani anafungua milango?"

Dada aliishusha simu sikioni. Na yeye alikua katika nyumba ileile, alizisikia habari zilezile kwenye meza ileile. Nilimwona akilikumbuka, na nilimwona akiogopa kuliamini.

"Na asipofungua?"



Nikashusha swichi.

Kitaa cha mita kikafa. Feni ikanung'unika kwenye bomba, ikapunguza, ikasimama. Koridoni mwanga wa mchana ulitufikia kidogo kutoka sebuleni, lakini mle ndani najua palikuwaje, nilipaka rangi ile mwenyewe. Mtu kwenye simu ya Dada alikuwa anasema "haloo, haloo". Dada hakumjibu. Pimatena alikuwa amevua kofia.

  Dada alinishika mkono wa nguo, na kucha zake zilipita kitambaa.

"Washa," akanong'ona. "Inatosha. Washa."

"Bado."

"Washa, nakuomba, mdogo wangu."

Kisha komeo likasogea.

Mlango ulifunguka kwa upole, kama unavyofunguliwa na mtu anayejua milango. Baba alisimama katikati yake, amenyooka. Lile sweta la kijani alikuwa amelitupia mabegani, mikono ya sweta imefungwa fundo kifuani. Tochi ilikuwa inawaka. Hakutumulika usoni. Alimulika chini, kwenye miguu yetu, kama wanavyofanya wenye kazi yao.

"Taratibu," akasema. Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti niliyoisikia nikiwa mtoto, nimekabidhiwa chakula cha Baba nikipeleke kazini kwake, pale mlangoni. "Msisukumane. Umeme utarudi, na filamu tutaianza upya, tangu mwanzo. Kwa kiatu."

"Baba," Dada akasema. "Ni mimi. Mwanao mkubwa."

Tochi ikahamia kwenye viatu vya Dada. Ikakaa. Ikahamia kwenye kandambili zangu. Ikakaa.

"Viti vya humu ni viwili," Baba akasema. "Mimi sikai, niko kazini. Kimoja kina mwenyewe, ameshaingia, msimbughudhi." Akasogea pembeni kidogo, akaacha upenyo wa mtu mmoja, na mwanga wa tochi akauelekeza sakafuni katikati yetu, mahali ambapo hapakuwa na mguu wa mtu.

"Imebaki nafasi moja. Anayeingia, aingie. Mwingine namfungia nje."

Dada alikuwa karibu na mlango kuliko mimi, na mguu alikuwa ameshauinua.

Na ndipo kile kidole cha gundi kilipoanza kuniuma.